Kifuniko, kalamu na sambaza: nilivyomfundisha upya mbwa aliyeuma

Huku Goma mkaa tunauita makala, na jina hilo ndilo nililompa mbwa wangu jike alipoletwa mwaka 2020, mweusi tii kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Nilimnunua dola 30 baada ya wezi kuruka ukuta wetu wa mawe ya volkano kule Keshero na kuondoka na cherehani yangu moja. Mimi ni mshonaji, kazi naifanyia nyumbani, na cherehani ndiyo inayolipa shule ya watoto. Nilitaka mbwa mkali. Kwa miaka miwili nilimlea kama wengi hapa tunavyolea mbwa: mnyororo mchana, kufunguliwa usiku, na fimbo ya sentineli, mlinzi wetu wa usiku, kila alipokosea. Fimbo hiyo niliiona nikanyamaza. Nalisema hilo mapema kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Jumapili moja ya Machi 2022 mtoto wa jirani, wa miaka saba, alikuja kuchukua suruali yake ya shule niliyokuwa nimemkunjia pindo. Lango la bati lilikuwa halikufungwa vizuri. Makala alikuwa amefungwa, lakini mnyororo ulifika mbali kuliko nilivyodhani. Alimuuma kwenye shavu la mguu, meno mawili yakaingia.

Waliokuwa karibu walikimbilia kumfunga kitambaa na kumpaka majivu. Mama mmoja wa mtaa wetu, muuguzi, akawazuia. "Acheni hayo. Leteni sabuni na maji. Tunaosha dakika kumi na tano, tazameni saa." Tukaosha, mtoto analia, mama yake ananitazama bila kusema neno. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, shika hilo moja: maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku ileile. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Chanjo lazima itangulie.

Makala hakuwa amechanjwa. Chanjo yake ingenigharimu dola 10 tu. Mara mbili nilikuwa nimemwita veterinere, daktari wa wanyama, na mara mbili alishindwa kumkaribia. Mara ya pili sentineli alimkandamiza chini kwa goti, mbwa akajinyofoa, nikasema basi, tutaona mwaka ujao. Kuahirisha huko kulinitoa dozi nne za mtoto, pikipiki ya kwenda na kurudi kila dozi, na fidia ya siku ambazo mama yake hakwenda sokoni kuuza. Jumla ilipita dola 150, na nilizikopa. Deni nililimaliza baada ya miezi. Kwa yule mama ilichukua muda mrefu zaidi.

Watu wengi walinishauri nimuue mbwa. Nikangoja zile siku 10 ambazo mbwa aliyeuma huwekwa chini ya uangalizi. Alikula, akanywa, hakubadilika. Veterinere alikuja kumchungulia kupitia upenyo wa banda, akaniambia, "Mama, mbwa huyu anaogopa mikono. Kila mkono uliomfikia ulikuja na kitu cha kumuumiza."

Usiku huo nilimpigia mdogo wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nilimweleza yote, akanisikiliza, kisha akaanza kunisimulia habari za panya. Pale Morogoro kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Alikuwa amekwenda kuwaona kwa macho yake: mfundishaji ameshika kidude mkononi, panya akigusa kinachotakiwa kidude kinalia tik, panya anakuja mbio kupokea kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu ya kutegwa na vilipuzi vingine zaidi ya 100 kule Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. "Yaya," mdogo wangu aliniambia, maana huku dada mkubwa tunamwita hivyo, "ikiwa panya anafundishika kwa mlio na ndizi, Makala anakosa nini?"

Kidude hicho kinaitwa klika. Nilisoma nilichoweza kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika tangu mwaka 1951 kwamba mtu anaweza kumfundisha mnyama nyumbani kwa kutumia kidude cha bati kinacholia, kile cha kuchezea watoto. Karen Pryor alianza mwaka 1963 kule Hawaii kuwafundisha pomboo kwa filimbi, maana pomboo akiruka katikati ya bwawa huwezi kumfikishia samaki akiwa bado hewani. Mlio unamfikia. Hapo ndipo nilipoelewa. Chakula kinachelewa: mpaka utie mkono mfukoni, utoe, uiname, mbwa ameshafanya mambo mengine matatu, na lile la mwisho ndilo analodhani umelilipia. Mlio unakata wakati kama mkasi unavyokata kitambaa palepale penye chaki. Unamwambia: hilo, hilo hasa ulilofanya sasa hivi, chakula kinakuja.

Klika yenyewe sikuipata madukani. Nikatumia kifuniko cha bati cha chupa ya konfitiri (jamu) ya marakuja, kile chenye kitovu katikati kinachobonyea na kurudi. Kinalia vizuri. Kinalia vizuri mno, na hilo likawa kosa langu la kwanza.

Nilikaa kwenye kiti karibu na banda, nikabofya, nikarusha kipande cha samaki. Makala alijibanza nyuma ya pipa la maji, masikio yamelala, anatetemeka mpaka mkia. Nikabofya tena nikidhani atazoea. Akajikojolea. Mbwa aliyekulia katika mji huu amesikia risasi nyingi usiku, na mlio mkali wa ghafla kwake una maana moja. Niliharibu siku nne kabla hajakubali kutoka nyuma ya pipa nikiwepo. Kama mbwa wako ni mwoga wa sauti, usianze karibu naye na usianze na mlio mkubwa. Ukimwona ameshtuka, acha siku hiyo hiyo.

Nikahamia kwenye kalamu ya kubonyeza. Mlio wake ni mdogo, na Makala hakuushtukia. Kwa siku mbili sikumtaka afanye chochote: tik, samaki, tik, samaki, mara kumi, kisha naondoka. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa amenipa mgongo, ananusa ukutani. Nikabonyeza. Shingo ikageuka kabla ya mwili, macho yakaja moja kwa moja kwenye mkono wangu. Tangu nimnunue sikuwahi kuona akiutazama mkono wangu bila kurudi nyuma.

Sasa kuhusu samaki, maana hili watu waliliongea mno. Nilitumia sambaza wa Ziwa Kivu, wale waliokaushwa juani bila chumvi. Waliotiwa chumvi usimpe mbwa. Mwanzoni nilinunua kopo zima na kumpa samaki mzimamzima. Likaisha siku mbili, Makala akaharisha, na jirani akaniuliza kwa uchungu iweje mbwa ale samaki ambao watoto hawapati. Alikuwa na haki ya kuuliza. Novemba ya mwaka huo, watu waliokimbia vita walipojaa Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, swali lake lilinirudia kila nilipofungua kopo. Kumbe zawadi yenyewe haihitaji kuzidi punje ya haragwe. Nikaanza kutumia vichwa vya sambaza tunavyovikata jikoni, na ukoko wa bugali niliokatakata vipande vidogo na kuukausha. Vyote nilivipunguza kwenye chakula chake cha siku, si nyongeza. Vichwa vya samaki niliviweka kwa kazi ngumu, bugali kwa kazi anayoijua. Toka hapo gharama ya chakula ilirudi kuwa ileile ya zamani.

Kosa la pili lilikuwa la mkono wangu mwenyewe: nilikuwa nachelewa. Mdogo wangu alinishauri nifanye mazoezi bila mbwa. Nikafunga mpira wa vitambaa, kijana wangu anaurusha juu, mimi nabonyeza unapogusa sakafu. Katika mara kumi nilichelewa saba. Tulifanya hivyo jioni tatu. Usidharau zoezi hili. Kabla yake nilikuwa nataka Makala akae chini, nabonyeza akiwa ameshaanza kuinuka, na baada ya wiki nilikuwa na mbwa anayenirukia kifuani kwa furaha. Alikuwa amejifunza barabara kile nilichomlipia.

Kazi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa pua kugusa kiganja. Unaweka kiganja wazi karibu na uso wake, unangoja. Akinusa tu, tik. Ukimpelekea mkono mpaka usoni umemtisha; mwache aje mwenyewe. Siku ya kwanza alinyoosha shingo, akagusa kwa ncha ya pua, baridi na mbichi, akarudi nyuma haraka. Tik. Akaja tena. Dakika tatu, nikafunga kazi. Dakika tatu mara mbili kwa siku zilinitosha kuliko nusu saa ya pamoja, maana mbwa akichoka anaanza kukosea, na wewe unaanza kukasirika.

Sentineli wetu, mzee wa miaka mingi katika kazi hiyo, hakuipenda habari hii. Nilimwambia, "Mzee, naomba fimbo tuiache." Akanijibu, "Mama, mbwa asiyeogopa fimbo atalinda nini?" Nikamkumbusha mbwa wa kunusa wa Hifadhi ya Virunga waliokuwa wakikaa Rumangabo, waliokuwa wakiwafuatia walinzi nyayo za majangili. Hakusema kitu, lakini aliiegemeza fimbo nyuma ya mlango wake, na baada ya wiki chache akaomba kujaribu kalamu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Amekesha na mbwa miaka yote. Anajua kwamba kabla Makala hajabweka sikio la kushoto hugeuka kwanza. Yeye alibonyeza sikio lilipogeuka na mdomo ukiwa bado umefumba. Mimi nilikuwa nangoja mbwa anyamaze baada ya kubweka, yeye alilipa ukimya kabla kelele hazijaanza. Kama una mtu nyumbani anayemjua mbwa kwa kumtazama, mpe yeye hiyo klika, hata kama ndiye aliyekuwa anampiga.

Halafu kalamu nayo ikatuponza. Kijana wangu akiwa anasoma usiku huchezea kalamu yake, tik tik tik, na Makala alikuwa anakuja mbio mlangoni kudai chakula. Nilipomfukuza, nilikuwa namwambia kwamba mlio ni uongo. Kwa wiki nzima alipoteza imani nao. Nabonyeza, ananitazama kama mtu anayesubiri kudanganywa. Sheria iliyonigharimu kuijua ni hii: kila mlio unalipwa, hata ukibonyeza kwa bahati mbaya, na mlio usitumike kumwita mbwa wala kuchezea. Kwa hiyo chagua mlio ambao nyumba yako haina. Wapo wanaopiga kidoko kwa ulimi, na kinafaa ukiwa peke yako na mikono imejaa. Nyumbani kwetu watoto wanaitana kwa kidoko, kisingefaa.

Nilirudi kwenye kifuniko. Nilikizungushia kitambaa cha blanketi, juu yake vitenge viwili, nikakishonea kimfuko chenye kamba ya shingoni. Mlio ukawa mzito na mdogo, kama goti linapoalika. Nilianzia nikiwa umbali wa hatua kumi na tano, kwa vichwa vya samaki tupu. Siku ya pili alinisogelea mwenyewe. Kimfuko hicho ninacho mpaka leo.

Kazi kubwa ilikuwa mkeka. Niliuunga kwa mabaki ya vitenge, nikauweka kwenye kona ya banda, mbali na lango, mahali ambapo mnyororo, wakati ule bado nikiutumia mchana, usingefika kwa mgeni. Nilitaka lango likigongwa Makala aende mkekani akae. Nililipa mguu mmoja ukigusa kitambaa, kisha miwili, kisha minne, kisha kulala. Wiki mbili mambo yakaenda vizuri, nikajisifu kwa mdogo wangu.

Baadaye nikaona jambo. Makala analala mkekani, anainuka, anakimbia kubwekea lango, anarudi mkekani na kunitazama. Mimi nabofya kwa kuwa amerudi. Anainuka tena. Kubweka kulizidi kila siku na mimi ndiye niliyekuwa nakunulia. Yeye aliona kazi nzima ni moja: toka, bweka, rudi, lipwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba mbwa hakuwa mkaidi. Nikabadilisha cha kulipia: nililipa kubaki. Nabofya akiwa amelala, nampelekea chakula palepale mkekani ili asiwe na sababu ya kuinuka, sekunde mbili, tena, sekunde tano, tena, sekunde tatu. Usiongeze muda kila mara kama ngazi. Changanya mirefu na mifupi. Akiinuka simkemei, nangoja tu. Na nilianza bila mtu langoni kabisa, kisha kijana wangu akipita kimya, kisha akigusa bati kwa kidole, kisha akigonga. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia ikipita juu ya mawe ilitushinda mpaka mwezi wa tatu. Kila aliposhindwa mara mbili mfululizo nilijua nimeruka hatua, nikarudi nyuma.

Mbwa akishaijua kazi, mlio unapungua wenyewe. Leo mkekani humlipa mara moja moja, bila kifuniko, kwa ukoko au kwa kumsemesha. Kifuniko nakitoa ninapomfundisha jambo jipya.

Jambo jipya lililonitia hofu kuliko yote lilikuwa kifunga mdomo, maana bila hicho veterinere hakutaka kurudi, na alikuwa na haki. Nilikishona mwenyewe kwa kitambaa cha begi. Hapa niseme wazi: kifunga mdomo cha kitambaa kinazuia mbwa kuhema, kinafaa kwa dakika chache tu za sindano. Kwa kumtoa nje au kukaa na wageni unahitaji kile cha kikapu, kinachomwacha aheme na anywe maji. Nilikiagiza Kigali, dola 18. Siku za kwanza nilikishika tu mkononi, akitazama, tik. Pua ikiingia mwenyewe, tik, na samaki ndani yake. Kufunga mkanda kulikuja baada ya siku kumi na mbili. Nilimzoesha pia kubanwa ngozi ya bega kwa vidole, kisha kuguswa kwa kalamu iliyofungwa, kisha kuguswa hivyo na sentineli.

Novemba 2022 veterinere alikuja. Makala alikwenda mkekani, akaingiza pua kwenye kifunga mdomo, nikakaza mkanda. Mkono wangu ulitetemeka nikabofya mara mbili bila sababu, na mara zote mbili nikalipa kupitia tundu. Sindano iliingia na kutoka. Alikuwa anatazama mfuko wa vichwa vya sambaza. Veterinere aliandika tarehe kwenye kadi, akapokea dola zake 10.

Sitaki mtu asome haya akadhani klika inamgeuza mbwa aliyewahi kuuma kuwa wa kuchezewa na watoto. Lango letu sasa lina komeo ndani, na mgeni hapiti mpaka mtu mzima atoke. Mtoto haachwi peke yake na Makala, hata wangu, hata dakika moja. Kama mbwa wako anauma, anza na komeo, chanjo na mtu anayejua wanyama, mafunzo yafuate. Na usiku Makala bado analinda. Wezi hawajarudi, na fimbo haijarudi.

Yule mtoto amekua. Muhula uliopita mama yake alimleta kupimwa sare mpya. Kwa mwaka mzima alikuwa akipeleka nguo kwa mshonaji mwingine wa Ndosho. Walisimama nje ya lango, mama amemshika bega. Sikuwaomba waingie. Makala alikuwa mkekani, amevaa kikapu chake, sikio la kushoto limegeuka kuelekea kwao. Mtoto aliuliza, "Tantine, hicho cha shingoni ndicho kinacholia?" Nikamwambia ndicho. Mama yake akanitazama, kisha akamtazama mbwa, akasema taratibu, "Tuonyeshe."

Makala alikuwa bado amelala. Nikabofya, nikatembea mpaka mkekani, nikampitishia kichwa cha sambaza kwenye tundu la kikapu. Kisha nikarudi langoni na futi yangu kumpima mtoto mabega palepale nje, juu ya mawe.